Mzee Nafasi na Injini Zilizonyamaza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya magari ya wagonjwa ya hospitali yetu, fundi wetu mkuu anastaafu. Sote tunamwita Mzee Nafasi. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila nina hasira.

Alianza kwa kuosha magari. Kufikia mwaka wa nne alikuwa akiseti tapeti, yaani nafasi ya vali za injini, vizuri kuliko mafundi waliomtangulia. Injini ikiwa baridi, alipenyeza kibati chembamba cha kupimia juu ya shina la vali na kukivuta taratibu. Kikiteleza tu, nafasi imezidi. Kikikataa kupita, nafasi haitoshi. Chuma kikipata moto hutanuka, alitufundisha, na kisipopewa nafasi vali haifungi, inaungua, injini inaishiwa nguvu. Jina lake lilitoka huko. Waliokuja kuuliza nafasi za kazi tuliwaelekeza kwake, naye akawapima kwa macho.

Miaka sita iliyopita tuliletewa mkuu wa usafiri asiyetaka kuona gari karakanani. Aliagiza kwamba injini isiyopiga kelele isifunguliwe. Mzee alimweleza kwa adabu kwamba tapeti zilizolegea hugonga, zilizokaza hunyamaza, kwa hiyo gari tulivu ndilo la kuogopa. Mkuu alicheka, akasema fundi akizeeka husikia hata ukimya. Akataka fomu za matengenezo ziendelee kujazwa kama kawaida, kana kwamba injini zimepimwa. Mzee alikataa, akahamishiwa stoo ya matairi. Fomu nikazijaza mimi, karani wa karakana.

Mwaka mmoja baadaye, mchana kweupe, gari namba tatu lilishindwa kupanda kilima likiwa na fundi cherehani aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Dereva na muuguzi walimbeba kwa machela hadi hospitali. Mama alipona. Mtoto hakuwahi. Injini ilipofunguliwa, vali mbili zilikuwa zimeungua ukingoni. Kwenye fomu ya wiki ile palikuwa na mwandiko wangu: tapeti zimepimwa.

Mkuu alimwita Mzee ofisini, nami nikiwapo, akamtaka atie sahihi kwamba yeye ndiye aliyezipima. Mzee aliisoma karatasi mpaka mwisho, akairudisha mezani.

"Mwanangu," alimwambia, "mwaka mzima umeniweka na matairi. Mkono wangu haukugusa injini ile, na hautagusa karatasi hii."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Mzee akasimamishwa kazi miezi mitatu.

Ndipo madereva walipoanza kumpelekea magari nyumbani. Waliyalaza uani tangu Jumamosi jioni ili injini zipoe, na Jumapili asubuhi, kando ya kamba ya nguo, Mzee alifungua kifuniko, mkewe akakiosha kwa mafuta ya taa. Alizungusha injini kwa mkono hadi vali zifunge, akalegeza nati, akageuza skrubu, akakaza, kisha akapima tena, maana nati ikikazwa huiba nafasi. Hakulalamika. Mkewe alisema siku zile alikuwa akimeza chai kama dawa.

Jumapili moja nilikwenda kumwomba radhi. Hakuniambia yameisha. Alinipa kibati.

"Pima mwenyewe," alisema, "halafu uandike ulichopima."

Nilipima vali nane. Kesho yake niliwaandikia wachunguzi wa kifo cha yule mtoto kila nilichokijua, pamoja na uongo wangu. Nilipewa onyo kali, na nilistahili zaidi. Mzee alirudishwa kwenye injini zake, na tangu hapo hakuna gari letu lililoshindwa kilima. Mkuu naye alihamishwa, akapandishwa cheo. Barua ya kumwomba Mzee radhi haijaandikwa mpaka leo. Ya pongezi imechapwa mara mbili, na mara zote mbili wamekosea miaka yake ya kazi.

Mzee wetu, asante kwa kila mgonjwa aliyefika bila kujua kwamba wewe upo. Uwe na siku ndefu na mwili mzima, na mkeo akukataze kushika spana. Hasira utuachie sisi. Tuna kazi nayo.