Jembe Tulilompelekea Bwana Daktari

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa boma. Mheshimiwa Akida Mbaruku. Majumbe wetu wa Korogwe, na majumbe wa Handeni mliofika kwa miguu na vumbi la njiani bado liko magotini. Bwana Daktari, ambaye leo tunakuita mgeni ingawa nyumba hii umeijua kuliko sisi. Mwalimu wangu Habakuki. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu wa kambi za mkonge za upande wa Ngombezi. Nanyi wageni wote mlioalikwa, pamoja na wale ambao hawakualikwa ila wamesikia harufu ya pilau: karibuni nyote, kila mmoja ana haki yake hapa.

Mimi naitwa Hiza, mtoto wa Mdoe, wa Handeni. Kwa wasionijua, ndimi ninayeosha vidonda katika banda la wagonjwa kule kwenye mkonge. Wenzangu wamenichagua nitoe shukrani kwa Bwana Daktari, anayetuacha leo kwa gari moshi la mchana kwenda Tanga, na kutoka Tanga kwenda kwao Ulaya, wala hatarudi. Nadhani walinichagua kwa sababu nina sauti kubwa. Nadhani tena walijua kwamba nina neno langu na Bwana Daktari, wakawa na hamu ya kuona kama nitathubutu kulisema. Basi nitathubutu, ila kwanza nitimize nilichotumwa.

Tumshukuru kwa lipi, tuache lipi? Kabla yake, mtu wa hapa akivunjika mguu alikuwa na mawili: abebwe mpaka Tanga, au alale kitandani angojee mfupa uamue wenyewe. Bwana Daktari alikuja, akakaa, akatembea. Nani hapa hajamwona akishuka kutoka Mombo na viatu vyake mkononi, mvua imemchosha, na bado anauliza nani hajatibiwa? Kila mgonjwa humwuliza jina kabla ya kumwuliza ugonjwa. Jina lenyewe huliandika vibaya, lakini hulikumbuka.

Na ana sifa nyingine, ambayo mimi naijua kuliko ninyi: anajua kukataa. Wapo mabwana wanaokataa kwa kelele, na wapo wanaokataa kwa kiboko. Bwana Daktari hukukalisha kwenye kiti, hukupa maji ya kunywa, huuliza mahindi ya kwenu yanaendeleaje, nawe hutoka pale ukitabasamu, ukafika darajani ndipo unapofahamu kwamba umekataliwa. Mimi nilifahamu nilipofika darajani.

Nilikuwa nimemaliza shule. Nilikuja hapa kumwomba anipeleke hospitali ya Tanga nikafundishwe kazi ya usaidizi wa daktari. Akasoma alama zangu. Kusoma, vizuri. Kuandika, vizuri. Kijerumani, hafifu. Hesabu, hafifu sana. Katika somo moja mwalimu hakuona hata haja ya kuandika neno, alichora mstari tu akaendelea na mwingine.

Sababu ninazo. Miaka ile mvua zilikatika Handeni, na wenzangu walipokuwa wakihangaika na hesabu za sehemu mimi nilikuwa shambani nikihangaika na nguruwe mwitu, na nikirudi darasani homa inanirudisha kitandani. Lakini sikusimama hapa kueleza sababu. Mtu aliyepewa dawa kupita kiasi atasaidiwa nini na habari za nguruwe wangu? Bwana Daktari alinikataa kwa haki. Nasema hivyo mbele yake, na mbele ya baba yangu aliyekaa pale, ambaye mpaka leo hajakubali.

Baba, univumilie. Nitasema habari ya jembe.

Nilipofika nyumbani na kusema nimekataliwa, baba hakuuliza habari za alama. Aliuliza, "Ulikwenda na nani?" Nikasema nilikwenda peke yangu. "Ukaomba kwa mdomo wako mwenyewe?" Nikasema ndiyo, baba. Akamgeukia mjomba wangu Sadala, akasema, "Umemsikia mpwa wako? Ameingia nyumba ya watu bila mshenga, mikono mitupu, akaomba. Mimi ningekuwa na binti nisingempa."

Wageni wetu mniwie radhi, nieleze. Kwetu nyumbani anayetaka kuoa hutanguliza jembe. Mshenga hulipeleka, huliweka chini, husema maneno yake, huenda zake. Wakwe wasipotaka, jembe hurudi. Jembe likikaa, neno limekubaliwa, hata likichukua muda.

Basi baba na mjomba Sadala wakachukua jembe jipya, wakatoka Handeni wakaja Korogwe kumposa Bwana Daktari. Hapo barazani mjomba alisimama akasema kwa Kizigua maneno marefu na mazuri: kwamba tumeiona nyumba yako na tumeipenda, kwamba kijana wetu hana ila isipokuwa ujana, kwamba tunaomba asiachwe mlangoni. Mkalimani wa siku zile alikuwa mtu wa pwani, mambo yetu hayajui, na nadhani alikuwa na njaa. Akafupisha: "Wazee hawa wamekuletea zawadi." Bwana Daktari akainuka, akawapa mkono, akalipokea jembe kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili, jamani. Baba alirudi Handeni akachinja jogoo.

Tangu hapo, kila baada ya mavuno, baba huja Korogwe. Husema anakuja kununua chumvi, kana kwamba Handeni chumvi imeharamishwa. Hupita nyuma ya nyumba hii, huchungulia juu ya ua, huliona jembe letu limetiwa mpini linapalilia kabichi za Bwana Daktari, hugeuka akarudi kwake ameridhika. Nilimwambia, "Baba, Mzungu hajui maana yake." Akanijibu, "Mimi simtazami Mzungu. Natazama jembe."

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikashindwa. Maana Handeni walianza kuniita Bwana Dawa. Kina mama waliniletea watoto wenye macho mekundu, wazee wakanyoosha miguu yao mbele yangu, wakangoja. Na mimi niwape nini? Niliwapa maji ya moto na maneno mazuri. Nilijiona kama bwana harusi anayepigiwa vigelegele kwa harusi isiyokuwapo.

Nikaondoka. Nikaenda upande wa Ngombezi, nikaandikwa kukata mkonge. Bwana wa shamba nililoangukia simtaji jina, ila nimsifu kidogo: anawajali wagonjwa wake kiasi kwamba huja mwenyewe alfajiri kuhakikisha kama kweli wanaumwa. Pale bandani niliomba kazi ya kuteka maji baada ya kumaliza kazi yangu ya shambani. Walipozoea kuniona na maji, waliniacha nioshe. Walipoona siogopi usaha, waliniacha nifunge vidonda na kutoa funza. Bwana Daktari alipokuwa akija kukagua nilimshikia bakuli, na nilikuwa namtazama mikono mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ninyi wa Ngombezi mliosimama nyuma, hebu sogeeni muonekane. Hawa ndio mashahidi wangu. Wametembea kuja hapa kwa miguu ambayo baadhi yao walikwisha kuiaga.

Lakini mtu akiwa dhaifu wa hesabu, kuosha vidonda hakumpi hesabu. Hilo nilijiambia mwenyewe. Ndiyo maana jioni nilikuja kwa Mwalimu Habakuki, nikamwomba anirudishe kwenye zile hesabu za sehemu zilizonishinda. Akasema, "Darasa lenyewe ni la watoto, Hiza." Nikasema nitakaa na watoto. Nikakaa, magoti yakigusa kidevu. Mwanzoni watoto walinicheka, baadaye wakaanza kunisaidia, na sijui lipi liliniuma zaidi. Mwalimu hakunihurumia. Nilipokosea alikuwa haniambii nimekosea. Alisema, "Huyu amekunywa kwinini yako, amekufa. Rudia." Nami nikarudia, nikawaua wengi pale ubaoni, mpaka siku moja wakaanza kupona. Mwalimu, sijui nikushukuruje. Zile hesabu nilizoziogopa shuleni wewe ulizifanya watu.

Kisha akaja Petro wa Makuyuni.

Mkewe, mama Agripina, yuko hapa mbele, na nimemwomba ruhusa kabla ya kusema. Petro aliletwa bandani na homa, mkojo wake mweusi. Bwana Daktari alikuwa Mombo, tukatuma mtu akimbie kumwita. Kwinini ilikuwamo sandukuni, na sanduku lilikuwa na kufuli, na kufuli lile lilikuwa na haki, maana sikujua kama kwa homa ile kwinini ingemwokoa au ingemmaliza. Nilimfuta jasho. Nilimwosha. Akanishika mkono akaniuliza, "Hiza, humu ndani yangu kuna nini?" Nikachovya kitambaa majini, nikamfuta tena uso. Akaugeuza upande wa ukuta, na Bwana Daktari alipofika Petro alikuwa amekwisha kufa.

Mama Agripina hakunilaumu. Alinishukuru kwa kumwosha mumewe vizuri. Dada yangu, shukrani ile imekaa hapa kifuani mpaka leo, haipandi wala haishuki.

Ndugu zangu, mmewahi kutamani kitu mpaka kikawaharibia chakula? Mimi tangu siku ile natamani. Gari moshi likilia kuelekea Tanga naweka bakuli chini, nasimama mlangoni mwa banda, natazama moshi wake mpaka uishe, na wagonjwa wamekwisha kuzoea, husema, "Mwacheni, amekwenda kusoma." Sitamani koti jeupe, wala kuitwa bwana, jina hilo Handeni walinipa bure na halikuniponyea mtu. Natamani kujua. Natamani kukaa mbele ya mtu anayejua, nimwulize yote, nikatazwe, nikaripiwe, nirudie, hata kama nywele zitaota mvi nikiwa bado mwanafunzi. Nikilala naiona hospitali ya Tanga ambayo sijapata kuikanyaga, na nikiamka naona haya mbele yangu mwenyewe, mtu mzima ninayeota shule.

Basi neno langu ni hili. Huko Tanga ipo nafasi moja kwa mtu kutoka Korogwe. Mtu huyo bado hajatajwa, na mwenye kumtaja ni Bwana Daktari, kwa neno lake, kabla hajapanda gari. Baadaye atakuja daktari mwingine. Huyo hatanijua. Atasoma alama zangu kama zilivyo, atakutana na ule mstari, naye atakuwa na haki. Wagonjwa wote niliowaosha, hesabu zote nilizorudia, zinaondoka leo ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Baba yangu amekuja amevaa kanzu yake ya Idi, na kuna sababu. Aliniambia, "Simama mbele ya watu udai. Sema jembe letu halikurudi." Bwana Daktari, sasa umejua ulichokipokea siku ile kwa mikono miwili. Naona umeshika ndevu. Kwa desturi yetu tungeweza kusema umefungwa, na Akida hapa angekuwa na kesi nzuri ya kusikiliza. Lakini mtu hafungwi na maneno ambayo hakuambiwa, na mimi sitaki kwenda Tanga kwa sababu ya njaa ya mkalimani. Nikienda hivyo, siku ya kwanza nitakayomshika mgonjwa nitajiuliza ni nani aliyenituma kwake. Baba, niwie radhi. Mjomba Sadala, wewe uliyelibeba neno langu, niwie radhi. Mbele ya watu hawa wote nasema jembe lile ni zawadi. Liendelee kupalilia kabichi.

Naona baba ameinama. Baba, inua uso, sijamaliza.

Sasa sina mshenga. Nimesimama kama nilivyosimama siku ile ya kwanza, mikono mitupu, naomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Alama zangu ni zilezile, sikuja kuzifuta. Ninachoomba ni kwamba mtu aliyezipata usimpime leo bila kumtazama huyu aliyekuja baada yake. Niulize, Bwana Daktari. Hapa hapa, mbele ya watu. Niulize dawa ya mtu mzima, na ya mtoto, na ya mtoto aliyetapika nusu yake. Niulize kwa Kijerumani ukipenda; nitajibu vibaya, lakini nitajibu. Niulize kidonda kipi kinasubiri kesho na kipi hakisubiri. Nikishindwa, nitakubebea sanduku lako mpaka stesheni, nitakutakia safari njema kwa moyo mweupe, na kesho nitarudi bandani, kwa kuwa wagonjwa hawana kosa lolote. Nikiweza, mtajie Bwana Mkubwa aliye kando yako jina langu.

Lipo swali moja tu nakuomba usiniulize, lile la Petro. Hilo bado sina jibu lake, na ndilo ninalotaka kwenda nalo Tanga.

Mheshimiwa Bwana Mkubwa, Mheshimiwa Akida, wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kuiacha pilau ipoe kwa ajili yangu. Bwana Daktari, kwa yote uliyotutendea, Korogwe na Handeni zinakushukuru. Ninyi mmekwisha kunisikiliza. Sasa ninayesikiliza ni mimi.