Kinu Kilichotiwa Miavuli

Uvumi kwamba hoteli zinanunua vyombo vya kale majumbani umenikaa rohoni. Jana ndani ya basi, bibi mmoja alimlalamikia mlinzi wa hoteli aliyeketi naye. "Mwanangu, kinu changu mmekitia miavuli!"

"Si ulikiuza mwenyewe, bibi? Kwako kingeliwa na mchwa. Kwetu hotelini wageni wanakipiga picha."

"Wanajua tulitwangia humo wawili wawili, tukipokezana wimbo?"

"Basi njoo uwaonyeshe."

"Nitwange na nani? Wenzangu wametangulia. Wajukuu wanaona haya."

Basi likasimama, bibi akashuka peke yake.

Mama wenzangu, msiuze chombo ambacho watoto hawajakishika. Msiwacheke wazee wakiimba. Msingoje mgeni akisifu ndipo mkipende.