Fundi Taratibu na Mashine Iliyokosa Joto

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Waandaaji wa sherehe ya kumuaga wameniomba niandike mimi, kwa kuwa nilikuwa mfagizi wa karakana hii kabla hajaja, na kwa kuwa yeye ni kifungua mimba wangu. Wamesema nisijisifu. Nitajitahidi.

Aliingia akiwa msichana pekee kati ya mafundi wanaume. Walimwita Taratibu, maana mashine ikiharibika wenzake walikimbilia kuifungua tumbo, yeye akaanzia kwenye plagi. Walimtania mpaka wakachoka. Siku hizi karakana nzima inaanzia kwenye plagi.

Mwaka wake wa pili, iligoma ile mashine ya kutengenezea makabati ya chuma, inayobana bati mbili kwa ncha za shaba na kuziunganisha kwa joto la umeme. Ilibana vizuri, ila joto hakuna. Bati zikaachana kama watu waliogombana. Fundi mkuu wa wakati huo akatangaza kwamba transfoma imeungua. Meneja akasema mashine nyingine hainunuliwi, kitengo kifungwe, watu kumi na wanne waende nyumbani.

Binti yangu aliomba apewe mpaka mchana. Akapima umeme unaoingia: upo. Akasugua ncha za shaba: bado baridi. Akapima transfoma: nzima kabisa. Ndipo akafungua bolti pale mkono wa mashine unapoungana na transfoma, akakuta rangi ya kijani imetanda katikati ya shaba na shaba. Jana yake mashine ilipakwa rangi ipendeze mbele ya wageni, na rangi haipitishi umeme. Akapiga msasa mpaka shaba ikang'aa, akakaza bolti, akakanyaga pedali. Bati zilishikana hata patasi na nyundo hazikuzitenganisha. Nililia na ufagio wangu mkononi.

Meneja aliapa kumfukuza aliyeagiza kiungo kile kipakwe rangi. Binti yangu akamjibu, "Mashine imepona, mzee. Waache watu wafanye kazi." Kwenye daftari la matengenezo aliandika kwamba kiungo kilikuwa na rangi, kimesafishwa. Jina hakuandika.

Jina lenyewe ni langu. Ni mimi niliyemwambia fundi wa rangi aufungue mkono ule aupake kote, asibakize hata pembe. Binti yangu alijua, ila miaka thelathini na minne hajanitaja, hata siku tuliponuniana nyumbani.

Tangu hapo amefundisha mafundi ishirini na mmoja, wengine sasa ni wakubwa kuliko meneja yule. Nani mwingine amezaa hivi?

Viongozi, asanteni kwa kumwamini. Mwanangu, asante kwa kunisitiri. Leo nimejitaja mwenyewe, basi mzigo huo utue. Ulale mpaka jua liwe kali, ule ukiwa umekaa, na afya isikupungukie. Nenda salama, fundi wangu.