Mrija Alioukataa Mama Sidonie

Wasikilizaji wapendwa wa Kalundu, wa Mutarule, mpaka kule Kamanyola, karibuni mkae nami. Jioni ya leo tunamkumbuka Mama Sidonie. Jina lake la ubatizo ni Bernardine. Jina la kwao ni Nduwimana. Amefariki jana Jumanne, nyumbani kwake Mutarule, akiwa na miaka sitini na sita. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bernardine Nduwimana, Mama Sidonie wa Mutarule, amefariki jana. Tutamzika kesho saa nne asubuhi, kwenye makaburi ya misheni.

Mimi mnanijua. Kila wiki mimi Jean-Berchmans nawasimulia maisha ya marehemu, nalia nanyi kidogo, nacheka nanyi kidogo, halafu naenda zangu kula. Leo sivyo. Leo naona haya. Nimekaa hapa tangu saa kumi nikitafuta pa kuanzia, na kila nikianza haya zinanishika. Marehemu huyu nilimkosea, tena nilimkosea mbele ya watu. Nitasema. Lakini tuanze na yeye, maana aliyefariki ni yeye, si mimi.

Mama Sidonie alizaliwa Mutarule. Alilima mpunga, na alilima ile pamba ya lazima ya wakati wa Wabelgiji. Aliolewa na marehemu Basile, mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu. Jioni akimaliza kazi alivuta kiko chake, kama mama yake, kama mama wengi wa huku. Mwaka wa 1953 akatokwa na kidonda chini ya ulimi. Alidhani ni jino. Akasukutua maji ya chumvi, akatafuna majani, kidonda hakikupona. Kikakua.

Walimvusha mpaka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Madaktari wakasema ni kansa ya kinywa. Wakamkata kipande cha taya la chini, upande wa kushoto, pamoja na meno yake sita. Kisha wakamchoma kwa miale. Alikaa huko miezi saba. Hapa Mutarule watu walikuwa wamekwisha kumzika kwa maneno, na kulikuwa na wajomba waliomshauri Basile atafute mke mwingine kabla ya mavuno. Basile hakutafuta. Siku moja lori la misheni likasimama barabarani, akateremka mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kuanzia puani mpaka shingoni. Ndiye yeye. Alikuwa amepona.

Alipona, lakini shavu la kushoto lilikuwa limeingia ndani. Mdomo wa chini ulilegea, haukufunga. Mate yalimtoka bila yeye kusikia. Kinywa hakikufunguka zaidi ya upana wa vidole viwili. Tangu siku ile alikula peke yake, chumba cha ndani, mgongo akiupa mlango. Hata Basile hakumwona akila.

Sikilizeni jambo hili, maana hadithi yote iko hapa. Madaktari walimwambia kwamba ile kansa inaweza kurudi. Ikirudi ikaonwa mapema, inakatwa. Ikichelewa, ni kifo. Kwa hiyo kila miezi mitatu alipaswa kufungua kinywa mbele ya mtu wa meno. Kila miezi mitatu, bila kukosa.

Miaka mitatu mtu huyo alikuwa Masela Agnès, mtawa wa Kizungu aliyetibu meno kwenye dispansari ya Kalundu. Mama Sidonie alimzoea. Alivua kitambaa kwake tu. Mwaka wa 1956 Masela Agnès akaitwa kwao Ulaya, asirudi.

Mahali pake akaja kijana wa kwetu, Donatien Nshimirimana wa Kamanyola, miaka ishirini na sita. Kwenye karatasi alikuwa infirmier, yaani muuguzi, aliyesomea meno. Sisi tulimwita daktari, na yeye hakukataa. Mama Sidonie alifika siku yake, akasimama mlangoni, akamsikia akisalimia wagonjwa kwa Kirundi. Akageuka. Akarudi Mutarule kwa miguu.

Binti yake Sidonie, wakati ule wa miaka kumi na saba, alimuuliza kwa nini. Leo asubuhi Sidonie amenipa majibu ya mama yake kama yalivyokuwa: "Minye siwezi funguliya ule kijana kinywa yangu. Masela hakukuwa na shangazi hapa Mutarule. Huyu iko nao. Kesho mambo yangu itakuwa kwenye kisima."

Miezi mitano hakwenda. Sidonie alilia, akagoma kula, mwishowe mama akakubali. Na siku ile, wasikilizaji wapendwa, mambo yaliharibika. Donatien mwenyewe anakiri. Alimwambia: fungua. Akamwambia: zaidi. Akamwambia tena: zaidi, mama. Alipoona hafungui, akakivuta kitambaa kwa mkono wake, na mlango ulikuwa wazi, na benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa. Mama Sidonie alitoka akilia.

"Nilikuwa na diplome mupya na haraka mupya," Donatien ameniambia leo. "Kadi yake ilikuwa mu tiroir ya meza. Masela alikuwa ameandika juu yake: mwache afungue mwenyewe. Minye sikuisoma."

Aliisoma jioni ile. Akaona haya. Akakigeuza kiti cha wagonjwa kikaelekea dirishani, ili anayekaa awape watu mgongo. Akatundika shuka mlangoni. Kisha akamtuma Sidonie kwa mama yake na ujumbe mmoja: arudi, sitamgusa, nitangoja.

Mama Sidonie alirudi. Alikaa. Donatien alisimama na kioo chake kidogo cha meno mkononi. Anasema alingoja mpaka mkono ukamfa ganzi. Nje watu walinung'unika. Ndipo yule mama akafungua kitambaa, polepole, akafungua na kinywa, vile vidole viwili. Donatien akaangalia, akashukuru, akamfundisha kusukutua upya kwa sababu miale ilikuwa imemkausha mate upande mmoja. Basi. Baada ya hapo alikuja mwenyewe kila miezi mitatu. Mara ya nne alifikia hata kumtania kwamba anashika kioo kama mpishi anayeogopa chungu. Alikuwa amemzoea.

Sasa, wakati wote ule Sidonie alikuwa akimsindikiza mama, akikaa kwenye benchi. Mnaelewa. Kijana hakuwa kipofu. Mwaka wa 1957 Donatien akatuma wazee kuposa.

Wasikilizaji vijana, labda nyinyi siku hizi mnakaa na mama mkwe meza moja mkigawana samaki. Sisi hatukuwa hivyo. Mama mkwe hakula mbele ya mkwe wake. Hakupiga hata miayo mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini. Mama mkwe kumwachamia mkwe kinywa, ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Na upande huu wa ziwa, mtu wa meno alikuwa mmoja tu.

"Mama alifurahi," Sidonie anasema. "Kisha akanyamaza. Nilifikiri ni furaha ndiyo inamunyamazisha."

Haikuwa furaha. Tarehe yake ya Juni ilifika, hakwenda Kalundu. Alisema ana kazi ya mpunga. Wakati huohuo, hili alimwambia Sidonie miaka mingi baadaye, ulimi wake ulikuwa umegusa kitu kwenye ufizi, kidogo kama punje ya mchele. Alijua ni nini. Akimkataa Donatien, Sidonie anakosa mume anayempenda. Akikaa kwenye kile kiti, anaiaibisha nyumba ya binti yake kabla haijaanza. Akachagua kunyamaza. Alihesabu kwamba harusi itamkuta hai, na hiyo ilimtosha.

Sasa naingia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ulimi wangu haukuwa na likizo. Watu wa Kamanyola walinichukua niwe msemaji wao siku ya kupeleka posa. Tulifika Mutarule Jumamosi, mwezi wa saba, na mtungi mkubwa wa pombe ya mtama. Ukawekwa katikati ya uwanja. Mirija ikatiwa ndani. Wazazi wa pande mbili walipaswa kunywa pamoja kutoka mtungi ule mmoja, na anayeukataa mrija anasema kwamba ameikataa damu yenu. Donatien alikaa mbali, kwenye ua, ametupa mgongo kama ilivyompasa.

Basile akanywa. Wazazi wa Donatien wakanywa. Mama Sidonie akapewa mrija. Akauingiza chini ya kitambaa, akakaa nao kidogo, akautoa. Pombe haikushuka. Wakampa tena. Akauinamia, akautoa tena, akauweka chini kwenye majani. Wazee wetu wakaanza kukohoa.

Mimi nikasimama. Nayarudia maneno yangu kama nilivyoyasema, maana nikiyalainisha nitakuwa namkosea mara ya pili. Nilisema: "Wazee, huyu mama ameziba pua tangu tulipofika. Kama sisi watu wa Kamanyola tunanuka, atuambie, twende kuoga mto Ruzizi turudi."

Watu walicheka. Kicheko kile kilinipendeza. Nikaongeza: "Ao labda iko anaficha ndevu."

Wakacheka tena. Mama Sidonie hakucheka wala hakulia. Alipeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akakivua kile kitambaa mbele ya uwanja mzima. Akaachama. Akageuka kulia tukaona, akageuka kushoto tukaona, mpaka hapakubaki mtu asiyeona. Kisha akasema, na maneno yalimtoka pamoja na mate:

"Minye sikatae murija yenu. Siko na kinywa ya kuvuta. Basi. Mumeona."

Donatien alikuwa amegeuka pale uani. Alisimama, akaja mpaka katikati, jambo ambalo mkwe halifanyi, akaniambia mimi, si mwingine: "Weye ukae chini. Minye nilijua haina kinywa ya kuvuta. Ni minye nilipaswa kusema mbele ya wote, na nimesahau." Mama yake Donatien akachota pombe kwa kibuyu kidogo, akaenda kukaa na Mama Sidonie bega kwa bega, akamnywesha. Posa ikapokelewa. Mimi nilikaa chini nikaangalia miguu yangu.

Jumatatu yake, kabla jua halijapanda, Mama Sidonie alikuwa Kalundu, wa kwanza kwenye benchi. Aliingia, akakaa kwenye kiti. Donatien akababaika, akasema, mama, mimi ni mkwe wako sasa. Akamjibu: "Umeniona mbele ya Mutarule yote. Ile ingine imebakia ni gani? Angalia."

Aliangalia. Akakiona kile kidonda kama punje ya mchele. Wiki ileile akampeleka Usumbura, wakakata mapema, kikaisha. Narudia, wasikilizaji wapendwa: kilionwa mapema, kikaisha. Aliishi miaka ishirini na saba baada ya siku ile. Alilea wajukuu watano. Na kila miezi mitatu alikaa kwenye kiti cha mkwe wake, na wambeya walipochoka kusema, waliacha.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini bado sijasema kinachonitia haya.

Habari ya kile kidonda ilipoenea, watu walianza kunisifu. Walisema: bila ulimi wa Jean-Berchmans, yule mama angekufa. Walininunulia bia. Nami nilikubali. Miaka yote hii nimeisimulia hadithi hii kwenye harusi za watu, nikijifanya kama nilijua, kama nilimchokoza kwa makusudi ili apone. Sikujua lolote. Nilitaka watu wacheke. Nilimvua mwanamke mgonjwa nguo mbele ya wakwe zake ili watu wacheke, halafu nikanywa bia ya shukrani.

Na sikwenda kwake kuomba msamaha hata siku moja. Nilijiambia kwamba ananisikia redioni, anajua namheshimu. Leo asubuhi, pale msibani, nilimuuliza Sidonie kama mama yake alikuwa akikisikiliza kipindi hiki. Aliangalia chini. Kisha akasema, akiniita yaya, ndiyo kaka kwa huku kwetu:

"Yaya Jean-Berchmans, redio tuko nayo. Mama aliipenda. Ila sauti yako ikiingia, alikuwa anatuomba tuzime. Hakukuwa na kasirani. Alisema: ule muntu akisema, minye nasikia kitambaa kinatoka."

Miaka ishirini na saba, wasikilizaji wapendwa.

Kwa Sidonie, kwa Donatien, kwa wajukuu watano na jamaa wote wa Mutarule na Kamanyola: poleni sana. Mungu ampokee Bernardine Nduwimana. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu mnayemjua anayekula peke yake, au anayejifunika, msimuulize mbele ya watu. Na kama mmekwisha kumuuliza, nendeni kwake leo. Mimi nilingoja mpaka jana.

Mama Sidonie, nilikutukana mbele ya watu. Mbele ya watu nasema: nilikosa, na sikukuokoa. Ulijiokoa mwenyewe, pamoja na mkwe wako. Naomba unisamehe.

Sidonie, umeniambia kwamba jioni hii hamtazima redio, mtaiacha sauti yangu iingie nyumbani kwenu mpaka mwisho. Asante. Nimemaliza. Sasa mnaweza kuzima.