Mzee Mrisho, Pikapu ya Misiba na Bomba la Hewa Baridi

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mzee Mrisho Bakili, fundi mkuu wa magari, anavua ovaroli na kuiaga karakana yetu ya Gerezani. Mimi Leticia, afisa usafirishaji, nimeagizwa nimwandikie wasifu kwenye jarida letu, eti kwa kuwa ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu. Kwa karibu, ni kweli. Kwa raha, hapo tuzungumze.

Alianza kama utingo wa lori la kusambaza vifungashio kwenye maduka ya Kariakoo. Akajifunza ufundi kwa kulala chini ya magari wenzake wakiwa wanakula, akapanda hadi kuishika karakana nzima. Magari yetu yaliyozimika Mtaa wa Kongo saa ya mizigo, naye akayafufua kwa bisibisi na kipande cha waya, hayana idadi. Tuzo ya mfanyakazi bora alipewa, akaisahau kwenye kiti cha mgahawa. Hayo ndiyo mazuri yake, nayasema kwa moyo mweupe. Sasa nije kwenye bomba.

Kwa wafanyakazi wapya: ile pikapu ya bluu inayoegeshwa karibu na lango ndiyo gari letu la misiba. Mwenzetu akifiwa, umoja wa wafanyakazi unatoa turubai, viti na masufuria, na pikapu inavifikisha mlangoni kwa mfiwa, awe Ilala, awe Chanika. Ndivyo tulivyoikuta desturi. Mwaka jana pikapu ikaanza kuchoka. Kwenye foleni inachemka, kwenye kilima inaishiwa pumzi, na kuna misiba ambayo waombolezaji wameisukuma na nguo zao nyeusi. Mkurugenzi wetu, Bwana Abdulmalik, akaamua iuzwe chuma chakavu mwisho wa Juni. Mzee Mrisho akaomba nafasi moja: ikienda Kimara na mzigo kamili na kurudi bila kusukumwa, ibaki. Akakubaliwa. Jamani, laiti asingekubaliwa!

Alivyoeleza yeye, injini ilikuwa nzima ila inavuta hewa ya moto iliyojaa chini ya boneti. Akatuuliza, nani anaweza kukimbia huku amejifunika blanketi? Dawa yake ni bomba la kuiletea hewa baridi kutoka nje. Mabomba ya namna hiyo yanauzwa hapa hapa Gerezani, ukitoka getini unayaona yananing'inia. Hakutaka. Ya dukani ni ya vijana wa kupiga kelele barabarani, alisema, na yeye angetengeneza lake kwa mkono wake.

La kwanza lilikuwa la plastiki. Nilidhani amelitoa stoo. Mvua ya masika ilipoanza ndipo tukajua ameng'oa bomba la kuteremsha maji ya paa juu ya mlango wa uhasibu, na Godbless, mhasibu wetu, akaoga na suti yake. Wiki hiyohiyo joto la injini likailainisha ile plastiki, bomba likajikunja, pikapu ikazimika Mtaa wa Msimbazi, pua yake ndani ya njia ya mabasi ya mwendokasi. Trafiki alimpigia nani simu? Mimi.

Mara ya pili akatumia bati, na kwenye maungio akafunga mpira wa tyubu. Mdomo wa bomba akauteremsha nyuma ya bampa, karibu kabisa na lami, kwa kuwa huko ndiko kwenye hewa ya baridi. Nikamwambia, Baba, huko ndiko pia kwenye maji. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa ratiba, nimwachie injini. Haya. Mvua ikanyesha, barabara ikajaa, bomba likanywa maji hadi kwenye injini. Ikabidi ifunguliwe yote. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi ilikuwa imeshapita.

Siku hiyo nilimpandishia sauti. Nilimwuliza mbele ya mafundi wote kama ile pikapu ni ndugu yake wa tumbo moja. Hakukasirika. Alifuta mikono, akaniambia kuwa siku mkewe, Bi Maimuna, alipofariki, yeye alikuwa amekaa barazani kwake Mbagala hajui aanzie wapi, watu wanazidi kuingia na hana pa kuwakalisha, mara akaona pikapu inapinda kona na viti vyetu. Alisema hapo ndipo alipojua hayuko peke yake. Kisha akarudi kuinamia injini. Hasira zangu zilikuwa bado zipo, lakini nilirudi kwenye ratiba zangu.

Mara ya tatu mdomo wa bomba akaupandisha karibu na taa, mbali na maji, na kati ya bomba na injini akaweka kipande cha bati kuzuia joto. Kuzuia manyoya ya kuku na mifuko ya sokoni akaufunga kwa chujio. Chujio la nani? La nazi, la Mama Mgeni, mpishi wetu. Hata kuomba hakuomba! Sote tunaikumbuka ile wiki ya wali mkavu. Na bomba lenyewe likivuta hewa linakoroma, mtaa mzima unasikia.

Mwanzoni mwa mwezi huu Samson, mlinzi wetu, akafiwa na mama yake huko Kimara. Nikakodi kirikuu, kale kalori kadogo, ipeleke vitu. Nafika karakana, kirikuu imerudishwa, na Mzee Mrisho ameshafunga mzigo kwenye pikapu. Mungu wangu! Nilimwambia msiba wa mtu si mahali pa majaribio, ikizimika njiani waombolezaji wa Samson watakaa juani. Akanifungulia mlango. "Panda, mama," akasema. "Ikizimika utanisema vizuri ukiwa karibu."

Nikapanda, nikamsema. Nilimsema Magomeni, nikamsema Ubungo kwenye foleni, jua limetuwakia. Mshale wa joto ukapanda kidogo, ukatulia. Kilima cha Kimara kilipoanza nikajikuta nimeacha kusema, nimeshika dashibodi, namwomba Mungu, na yeye vilevile. Pikapu ikakoroma, ikapanda. Samson alikuwa amesimama barabarani. Akanishika mkono, akaniambia, "Nimewasikia tangu kule chini, dada. Nikajua mmekuja." Nililia, jamani, na si kwa msiba peke yake.

Tulirudi Gerezani bila kusukumwa, na Mkurugenzi akatimiza neno lake. Juzi, kwenye kikao cha kuandaa sherehe, akaongeza kwamba kampuni itampa Mzee Mrisho pikapu hiyo iwe zawadi yake ya kustaafu. Tukapiga makofi. Yeye akakataa! Gari la bure, mtu anakataa mbele ya kikao! Akauliza, "Nikiondoka nayo, akifiwa mtu hapa, nani atampelekea viti?" Akaomba apewe kochi la kulalia mchana.

Basi pikapu imebaki, bomba limebaki, na matunzo yake nimetwishwa mimi, mtu wa ratiba. Amenifundisha kukaza maungio, na kila nikikosea anacheka.

Mzee Mrisho, umetuchosha, na tunakupenda sana. Asante kwa kazi yako, na kwa kila mfiwa uliyemfikia kwa wakati. Nenda Mbagala ukapumzike, Mungu akupe afya na miaka mingi. Tunaomba siku tutakapopinda kona ya kwako tukikoroma na viti, iwe ni harusi ya binti yako Badria. Kwa ile safari nyingine, Baba yetu, tunaomba tuchelewe sana.