Vitanda Kumi na Saba vya Frane

Kwenye benchi la mawe nje ya mkahawa wa Luce, hapo gatini kisiwani, Frane alikunjua mchoro wa nyumba yake. Binti yake Tonka, mwaka wa sita sasa akitunza wazee wa watu huko Ayalandi, alikuwa amemwambia kwenye simu: “Baba, tukipata watalii wa kutosha wa kupanga kwetu, narudi.” Basi wageni watoshe! Futi, seremala asiyeachana na utepe wake wa kupimia, na Nahodha, ambaye melini alikuwa mpishi tu, wakauinamia mchoro kahawa ikifuka.

— Sebuleni weka ukuta wa kukunja, — alisema Futi. — Wakija wawili, sebule. Wakija sita, vyumba viwili!

— Na makochi yafunguke yawe vitanda! — Frane akadakia.

— Milango ng'oa yote, inakula nafasi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

— Walimaanisha hivyo?

— Wewe uliwauliza?

Nahodha akapiga benchi kofi.

— Mnawaza kama watu wa nchi kavu! Kitanda juu ya kitanda, meza ining'inie darini kwa kamba. Chumba hiki cha juu kinachotazama bahari, wanne!

— Wakigombana je?

— Mgeni siku mbili, bwana. Siku ya tatu mhamishe kitanda!

Frane alicheka mpaka machozi. Kila kiangazi yeye na mkewe huwaachia wageni nyumba, wakalala kwenye ghala la mvinyo, kama wafanyavyo watu wa kisiwa kizima. Mwaka huu akaona hata hilo ni uvivu.

— Ghala nalo watatu! Sisi tutalala kwenye mashua!

— Mwanamume huyo! — wakashangilia. — Kumi na saba!

Feri ikapiga honi. Walioshuka walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa Tonka, na masanduku mawili.

— Mwanangu! Mbona leo?

— Nimeacha kazi, Baba. Nimeshindwa kungoja.

Frane akamkumbatia, akalia waziwazi, kisha akamsukumia mchoro kwa fahari. Tonka aliufuata kwa kidole mpaka juu, kwenye dirisha la bahari.

— Si chumba changu hiki?

— Wanne, — Futi akanong'ona.

— Sasa mimi nalala wapi?

Futi akavuta utepe, akauachia ukarudi. Nahodha akachungulia kikombe chake, masimbi matupu ya kahawa.

— Luce! — Frane akaita. — Una kifutio humo ndani?