Kete Nyeupe Dirishani

Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa saluni, na tenki la samaki liko dirishani, kwa hiyo wanywa kahawa wote walikuwa wakimwona samaki anavyohangaika. Ndiye wa mwisho kati ya wale walioachwa na mke wa Kinyozi alipofariki. Wiki mbili nyuma Kinyozi alilisugua tenki likatakata, akajaza maji safi ya mvua. Sasa samaki anatweta juu juu, na Kinyozi tangu asubuhi mkasi uko mkononi, hajanyoa mtu.

— Maji yana asidi, alisema Profesa, aliyerudia mtihani wa kemia mara mbili. Kikaratasi nilichochovya kimegeuka chekundu.

— Asidi itoke wapi kwenye maji ya mvua? Betri, fundi wa kuchaji betri, alisukuma kete nyeupe kwenye drafti. Ni redio ya saluni hiyo. Mawimbi yanachachusha maji.

— Acha hizo, bwana, alisema Profesa. Ni wateja. Mtu anakula kitunguu, halafu anapumulia tenki.

— Basi ni majonzi, alisema Betri. Mtu akiwa na majonzi nyongo inapanda. Samaki naye ana nyongo.

Kinyozi hakucheka. Hilo la majonzi lilimchoma.

— Nimwekee magadi?

— Ukizidisha umemmaliza, alisema Profesa. pH, kipimo cha asidi, ikiruka ghafla, hapati nafasi ya kuzoea.

Hapo akafika shemeji yake Kinyozi, mdogo wa marehemu, kikapu mkononi. Aliwasalimu, akainama dirishani.

— Shemeji, yale makombe ya baharini yaliyokuwa humu chini?

— Yalishika ukungu. Nikayatoa.

— Dada aliyaweka makusudi. Uchafu wa samaki unaongeza asidi kila siku, makombe yanaimeza kidogo kidogo, maji yanabaki yametulia. Sasa yako wapi?

Betri alikuwa ameinua kete nyeupe, tayari kula tatu kwa mpigo. Akaigeuza, akaiona mistari yake ya kombe. Profesa akaangalia zile alizokwisha kula, amezipanga vizuri kando ya kikombe chake. Wiki mbili nyuma walimwomba Kinyozi makombe hayo wenyewe, wayafanye kete, maana vifuniko vya soda walivyochezea vilikuwa vimepotea.

Kinyozi alivua kitambaa cha kunyolea begani, akakitandaza juu ya benchi.

Betri ndiye aliyeweka kombe la kwanza, na alikuwa anashinda.